Seva Iliyojibu Kuliko Ilivyoulizwa

Nyinyi vijana mmenichosha na hiyo "poa" yenu. Mtu anakusalimu, anataka kujua umeamkaje, mama yako anaendeleaje, mvua imefika upande wenu au la, nawe unamtupia "poa" bila kuinua uso kutoka kwenye simu. Zamani hapa Garissa ungejibu hivyo, watu wangedhani unaumwa au umeiba mbuzi wa mtu. Mgeni akitoka Bura akafika Sangailu, akishakaa na kushika kikombe cha chai, hainuki mpaka ametoa warka, yaani habari zote alizozikuta njiani: malisho yako wapi, nani kaoa, nani kagombana na nani, ngamia wa fulani kazaa nini. Kuficha habari kulikuwa uchoyo, sawasawa na kunyima maji.

Nawaambia haya kwa sababu mmoja wenu hapa kazini, siku waliponiaga na kunipa saa ya ukutani isiyofanya kazi, aliniuliza: adeer, yaani ami, kazi gani ilikutoa jasho kuliko zote? Alitegemea nimwambie juu ya mnara ulioanguka kwa upepo. Hapana, bwana. Kazi iliyonitoa jasho niliifanya nimekaa kwenye kiti, mbele ya kiyoyozi, na yote ilitokana na salamu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni Dahir. Nilikuwa mtu wa mitambo katika shirika lililounganisha zahanati ndogondogo na madaktari wa Garissa mjini. Muuguzi wa Sangailu anapiga picha ya kidonda, daktari anaiona hapa, anamwambia la kufanya. Bura vivyo hivyo, na mpaka Banissa kule Mandera. Habari za wagonjwa zilipita ndani ya programu moja tuliyoiita handaki. Kazi ya handaki ni kuyachanganya maneno upande huu kwa ufunguo wa siri na kuyapanga tena upande ule, ili mtu akiyadaka njiani asipate kitu isipokuwa vurugu.

Msidhani kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa tu na kubofya. Dishi la setilaiti halioshwi kwa maji ya chumvi, linapanguswa vumbi kwa kitambaa kikavu. Waya haulazwi chini, kwa sababu mbuzi hupenda kulala kwenye kivuli cha dishi, na mbuzi akishalala hutafuna kilicho karibu na mdomo. Zungushia miiba. Nimesafiri safari nzima mpaka Bura kwenda kutengeneza programu, nikakuta programu ni nzima na beberu ana kipande cha waya mdomoni. Tangu hapo, kabla sijalaumu programu, nauliza habari za mbuzi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mwakio, Mtaita, mtu safi, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya mwashi. Alipoletwa hapa mara ya kwanza alitaka kulia. Alikuwa anampigia simu karani wa Bura, Abdi Yare, kumuuliza kitu kimoja tu, mtambo unawaka au hauwaki, na Abdi anaanza na afya ya watoto wa Mwakio, anapita kwa mvua ya Fafi, anazunguka kwa bei ya ng'ombe, na akifika kwenye mtambo chaji ya simu imekwisha. Mwakio akajaribu kumkatiza. Abdi akanuna wiki nzima na hakugusa mtambo. Ndipo Mwakio akanifundisha somo ambalo hamtalikuta chuoni: hapa mtambo hauponi mpaka salamu ziishe. Basi naye akawa anasalimu kutushinda sisi wenyewe, mpaka alipohamishwa makao makuu Nairobi.

Kwa hiyo asubuhi ile aliponipigia na hakunisalimu, niliweka kikombe chini. Nilijua kuna msiba.

"Dahir," akasema, "handaki linavuja."

Nikamwambia haliwezi kuvuja, jana nimelikagua. Akasema si letu tu, ni la kila mtu anayetumia programu ile, duniani kote, kosa limo ndani ya programu yenyewe na leo limetangazwa. Maana yake wezi nao wamesoma tangazo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo hili ni jepesi ukilielewa. Pande mbili za handaki, zisipokuwa na la kusema, husalimiana kila baada ya muda ili zijue kama bado zipo. Upande huu unasema: upo? Nakutumia neno hili, urefu wake ni herufi kadhaa, nirudishie lilelile. Upande wa pili unalirudisha. Basi, wamesalimiana. Kosa ni kwamba seva, yaani kompyuta yetu kuu inayojibu salamu hizo, haikuwa inapima. Ukiitumia neno "upo", ukaidanganya kwamba ni refu kama hotuba ya harusi, yenyewe inakuamini. Inakurudishia "upo", halafu ili kutimiza urefu uliodai, inaokota chochote kilicho karibu nayo kwenye kumbukumbu na kukumiminia. Manenosiri, funguo, barua za watu, chochote. Na haiandiki popote kwamba imefanya hivyo.

Mwakio akacheka kicheko cha uchungu, akasema, hiyo programu imeandikwa na mtu wa kwenu. Na wallahi hakukosea. Seva yetu ilikuwa Abdi Yare mtupu: unaisalimu kidogo, inakupa warka yote.

Nilipokata simu nilifanya ambalo kila fundi angefanya, nikaijaribu seva yangu mwenyewe. Nikaitumia salamu fupi yenye urefu wa uongo. Kioo cha kompyuta kikajaa takataka, alama zisizosomeka, nikaanza kujipa moyo. Nikaitumia tena. Mara hii katikati ya takataka nikaona jina, likafuatwa na jina, likafuatwa na jina, nikalitambua kabla sijafika mwisho. Lilikuwa nenosiri la Bura.

Hapo inabidi niwaeleze, na mkicheka chekeni. Sisi Wasomali, mtoto akianza kusema tu anafundishwa abtirsi: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, anapanda nalo hivyohivyo mpaka kwa mzee wa ukoo. Nami miezi michache kabla nilikuwa nimewaambia makarani wote kwamba nenosiri zuri ni kitu kirefu ambacho hutakisahau hata ukiamshwa ghafla. Nilijiona nimesema la maana. Sasa kwa Msomali kitu hicho ni kimoja tu. Kituo baada ya kituo, waliweka babu zao. Ni nenosiri refu ajabu, mashine haiwezi kulibahatisha, ila mtoto yeyote anayechunga mbuzi Bura anaweza kukuimbia huku anapiga mluzi.

Nilikuwa bado nacheka peke yangu nilipoitumia seva salamu ya tatu. Kicheko kikaishia kooni. Kilichorudi kilikuwa kipande cha ujumbe wa asubuhi ileile kutoka zahanati ya Sangailu, kwa daktari wa macho. Jina la mgonjwa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, anaona kivuli tu. Halafu mstari mmoja wa muuguzi: mgonjwa ameomba wanawe wasijue.

Mgonjwa alikuwa mama mkwe wangu.

Mnajua mkwe kwetu ni nani. Mama mkwe humtazami usoni, hukai naye mkeka mmoja, mnazungumza kila mtu ameelekea upande wake, na mara nyingi kuna pazia katikati. Wangu huyu, Hooyo Dakane, yaani Mama Dakane, siku zote alinitia hofu. Ni mjane mwenye ngamia wake mwenyewe, anawaamulia watu malisho, na wazee wenye ndevu zilizopakwa hina wanangoja aseme kwanza. Kwa miaka kama miwili hivi alikuwa akinionea, au ndivyo nilivyodhani. Naenda Sangailu na shati langu la bluu, ananiambia kutoka nyuma ya pazia, hilo jekundu halikufai, Dahir, unafanana na mchinjaji. Safari nyingine navaa jeupe, anauliza kwa nini nimevaa nyeusi, kafa nani. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba mama yake ananidharau mpaka anatukana rangi ambazo sijavaa. Mke wangu akageukia sufuria zake.

Kumbe mama wa watu alikuwa haoni. Alikuwa anabahatisha rangi ili nisijue. Nilikaa pale nikaona aibu kama mtu aliyefunua pazia kwa mkono wake.

Na nilijua kwa nini anaficha. Mwanawe mkubwa, shemeji yangu Yusuf, mfanyabiashara wa mifugo hapa Garissa, alikuwa kila mara anasema mama amezeeka, aletwe mjini, akae kwenye nyumba ya vigae, na ngamia wasimamiwe na watoto wa kiume. Alikuwa anangoja sababu moja tu. Akisikia neno "macho", wiki haiishi mama yuko Garissa amekaa kwenye kochi la plastiki, na ngamia wako sokoni. Hooyo Dakane angekufa kwenye kochi lile, si kwa ugonjwa, kwa hasira.

Nikalifunga handaki papo hapo. Zahanati zote zikakatika.

Simu ikalia kabla sijaondoa kidole. Ni Bishaaro, muuguzi wa Sangailu, binti mkali anayeongea kama anadunga sindano. Alitaka kujua kwa nini nimemkata. Daktari wa macho yuko Garissa kwa siku chache tu, jioni hii anaamua nani atapasuliwa, na yeye ana mgonjwa ambaye maelezo yamekwenda na picha za macho bado. Picha zisipofika kabla ya jioni, mgonjwa huyo atangoja mpaka daktari arudi, na haijulikani atarudi lini. Hakutaja jina. Sikutaja kwamba nalijua. Nikamwambia nikifungua sasa hivi, mtu yeyote anaweza kusoma habari za mgonjwa wake. Hapo akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Adeer, hawa kina mama niliwaapia. Niliwaambia wakiniambia mimi, wamemwambia ukuta. Kuta zako zikisema, mimi sina kazi hapa tena."

Basi unafanya nini? Ukiacha wazi, siri inatoka. Ukifunga, mama anabaki gizani. Mwakio alikuwa ameshaanza kunitumia programu iliyorekebishwa, na setilaiti yetu ilikuwa inaivuta polepole kama punda aliyekataa kazi. Marekebisho yenyewe, mkiyaona, mtacheka. Mistari michache tu inayoiambia programu: kabla hujajibu salamu, pima neno ulilopewa, na ukikuta ni fupi kuliko urefu uliodaiwa, nyamaza, usijibu kabisa. Dunia nzima ilikuwa inatoka jasho kwa ajili ya mistari ile.

Ni wakati huo, nikiwa natazama mstari wa kupakua ukitambaa, Yusuf akaingia ofisini.

Alikuja na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na kioo changu bado kilikuwa na jina la mama yake katikati. Sikumbuki nilivyofanya. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nimekaa juu ya meza, mgongo umeziba kioo, kofia yangu nimeitundika juu yake, namkaribisha kiti kama bwana harusi. Akanisalimu. Watoto, kazi, mvua, joto. Nikajibu yote kwa urefu unaostahili. Halafu akasogea, akapunguza sauti. Amesikia sokoni kwamba mama ameonekana akitoka zahanati, zaidi ya mara moja. Na mimi ndiye mwenye mashine.

"Shemeji," akasema, "mama anaumwa nini?"

Jamani. Mimi mtu wa Garissa, nimelelewa kwamba kuficha habari ni uchoyo. Nimeulizwa na shemeji, mtoto wa mgonjwa, kwa adabu, na chai yake iko mkononi mwangu. Kila kitu nilichofundishwa na mama yangu kilikuwa kinanisukuma niseme. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, nikayameza pamoja na chai ya moto, nikaungua ulimi.

Nikamwambia sijui. Akauliza, mashine inasema nini? Nikamwambia mashine inauliza "upo?", na mashine ya pili inajibu "nipo". Akangoja. Nami nikangoja. Akauliza, basi? Nikasema, basi.

Hajawahi kusikia kimya cha namna ile kutoka kwangu. Uso wake ukabadilika rangi. Akasimama, akachukua chupa yake ikiwa bado na chai, akaniambia kwamba watu wa Nairobi wameniharibu, na kwamba yeye hakujua dada yake ameolewa na mtu mchoyo. Aliisambaza habari hiyo soko zima la mifugo. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita, watu wananionea huruma kama mtu aliyepatwa na ugonjwa wa ulimi.

Nisiwachoshe. Programu ilifika, nikaiweka. Mwakio akanikumbusha jambo ambalo wengi huwa wanalisahau, nanyi lishikeni: programu mpya ikiwekwa, ya zamani bado inaishi kwenye kumbukumbu na inaendelea kuropoka mpaka uizime na kuiwasha tena. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaitumia ile salamu ya uongo. Haikujibu kitu. Sijawahi kufurahi hivyo kunyimwa jibu.

Lakini kuziba tundu hakurudishi maji yaliyomwagika. Huwezi kujua nani alishasoma nini, kwa hiyo unatupa funguo zote na manenosiri yote na kutengeneza mapya, kituo kwa kituo. Nikaanza na Sangailu. Bishaaro alinisomea alama za ufunguo wake mpya kwenye simu, nami nikazilinganisha na zangu, moja moja, hakukosea hata moja. Jua likiwa bado halijazama, picha za macho yale zilikuwa kwa daktari, na daktari akakubali.

Kisha Bura. Nilimsalimu Abdi Yare ipasavyo, nikamweleza kwamba nenosiri la babu zake limekwisha, atafute jingine refu ambalo si kila mtu analijua. Akafikiri, akaniambia amepata. Akaweka abtirsi ya mama yake. Nikamrudishia. Akaweka ya mke wake. Nikamwambia, Abdi, walaal, ndugu yangu, uwaache wafu wapumzike. Mwishowe akachagua kitu ambacho mpaka leo sikijui, na hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu nilimpigia siku iliyofuata kumjaribu, nikajifanya nimesahau, nikamuuliza. Akanipa habari za mvua, za malisho, za binamu yake aliyefunga ndoa, akanipa hata kiasi cha maziwa ya ng'ombe wake. Nenosiri hakunipa. Akasema, Dahir, hilo si warka.

Siku mbili baadaye, daktari akiwa bado yupo, Hooyo Dakane alikuja Garissa, eti kuwaona wajukuu. Mke wangu akaniambia mama atavaa miwani nyeusi kwa siku kadhaa kwa sababu ya vumbi. Nikasema ndiyo, vumbi la siku hizi ni kali. Mke wangu akanitazama. Nami nikamtazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa analijua muda wote, tangu siku ya zile sufuria, na kwamba nyumba yangu nzima ilikuwa inafichana siri moja kwa adabu kubwa. Chakula kikapakuliwa, ugali ulikuwa mbichi na nikausifu.

Akarudi Sangailu kwa ngamia wake. Yusuf hakupata sababu.

Nilikwenda kule miezi kadhaa baadaye kubadilisha dishi. Nilipita nyumbani kwake kutoa heshima, nikakaa upande wangu wa pazia, na shati lile lile la bluu. Pazia likasogea kidogo, kiasi cha jicho moja.

"Dahir," akasema, "hilo la bluu limepauka mabegani. Mwambie binti yangu akununulie jingine."

Nikasema sawa, hooyo. Sauti yake ikaja tena taratibu, sauti ya mtu anayepima. Akauliza kuhusu kazi yangu, hasa ile mashine inayobeba habari za watu, je, iko vipi, na inasema mengi? Nikajua ananiuliza nini. Alitaka kujua kama najua. Nilikuwa na ya kusema ya kutosha mpaka alfajiri: mashati mawili, kofia juu ya kioo, chai iliyoniunguza ulimi, Yusuf na soko zima.

Nikamjibu mama mkwe wangu, Mungu anisamehe, "Poa."

Kule nyuma ya pazia akacheka mpaka akakohoa. Halafu mkono wake ukatokea chini ya pazia na kibuyu cha maziwa, ukakiweka moja kwa moja mbele yangu, bila kupapasa.